VFD Mpya ama Iliyotumika? Hesabu ya Kupiga Kabla Hujaweka PIN

Kama unauza maji ya kisima, unasaga unga ama unaendesha karakana ya mbao, unajua jambo moja: mota ikisimama, pesa nayo inasimama. Huenda fundi wako amekushauri ununue kifaa cha kudhibiti kasi ya mota, kile wanachokiita VFD. Umeenda dukani, umeambiwa bei, umeshtuka. Kisha umepita kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika na yeye anakuuzia kwa nusu ya bei hiyo. Simu iko mkononi na pesa iko ndani. Sasa ulipie ipi?

Kazi yetu sisi ni malipo, hatuuzi VFD. Lakini tunajua pesa ya biashara ndogo ikienda vibaya, hata mara moja, kuirudisha ni shughuli. Katika somo hili tutaangalia jinsi ya kuchagua, jinsi ya kupima kifaa kabla ya kukinunua, na jinsi ya kukilipia bila kujiweka hatarini.

VFD inafanya kazi gani?

Umeme tunaotumia Kenya ni wa hezi 50: volti 240 kwa fezi moja na volti 415 kwa fezi tatu. Mota ya kawaida ya fezi tatu hufuata hizo hezi. Ile ya poli nne, kwa mfano, huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika, na haina njia yake yenyewe ya kupunguza mwendo.

VFD hukaa kati ya umeme na mota. Inapokea umeme wa AC, inaugeuza kuwa DC, inauweka ndani ya kapasita, kisha inautoa tena kwa hezi unazotaka wewe. Ukiiweka hezi 40, mota inakwenda polepole zaidi. Wauzaji wengine huiita inveta. Usiichanganye na ile inveta ya sola ya nyumbani, hivyo ni vifaa viwili tofauti.

Faida zake kubwa ni tatu. Kwanza, mota inaanza taratibu. Mota iliyounganishwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule wa kawaida inapowaka, na hapo ndipo taa za jirani hufifia. Pili, ukipunguza kasi ya feni ama pampu, umeme unaotumika hupungua sana. Tatu, VFD ndogo zinaweza kupokea umeme wa fezi moja na kuendesha mota ya fezi tatu.

Swali la kwanza: unaihitaji kweli?

Kabla ya kulinganisha mpya na iliyotumika, hakikisha hutalipia kitu usichohitaji. Kama mota yako inafanya kazi kwa kasi moja kutoka asubuhi mpaka jioni, VFD haitakupunguzia tokeni za umeme. Pengine unachohitaji ni kifaa cha kuwashia mota polepole tu, na hicho huwa na bei ya chini.

Kwa pampu ya kisima, uwe makini zaidi. Utasikia watu wakisema kwamba ukipunguza kasi hadi asilimia 80, umeme unashuka hadi karibu asilimia 51. Kwa feni hesabu hiyo inakaribia ukweli. Lakini pampu ikienda kwa asilimia 80 ya kasi, nguvu yake ya kusukuma maji juu nayo inashuka hadi asilimia 64. Kisima kikiwa kirefu kiasi kwamba kunyanyua maji mpaka kwenye tangi kunahitaji asilimia 70 ya nguvu hiyo, maji hayatatoka kabisa. Mota itazunguka, tokeni zitaisha, na tangi litabaki kavu. Isitoshe, pampu za kuzamishwa kwa kawaida hazitakiwi kuendeshwa chini ya hezi 30, kwa sababu mota hupozwa na maji yanayopita kando yake. Muulize fundi wako hayo kwanza. Akishindwa kueleza VFD itakusaidia vipi kwa kisima chako, usilipe bado.

Hesabu ya siku za kusimama

Watu wengi wanalinganisha bei mbili tu: hii ni elfu sitini, ile ni elfu ishirini na nane, basi nachukua ile ya elfu ishirini na nane. Hesabu hiyo imesahau kitu kimoja, yaani hasara ya ile siku VFD itakapozima.

Fanya hivi. Chukua tofauti ya bei. Igawanye kwa faida yako ya siku moja. Jibu utakalopata ni idadi ya siku ambazo mashine inaweza kusimama kabla ya "bei poa" kuwa bei ghali.

Tuseme VFD mpya ni shilingi 60,000 na iliyotumika ni 28,000. Tofauti ni 32,000. Tuseme kioski chako cha maji kinakuachia faida ya shilingi 3,500 kwa siku. Gawanya 32,000 kwa 3,500, unapata siku tisa hivi. Kwa hiyo VFD iliyotumika ikikufia na ukakaa siku tisa bila maji ukitafuta nyingine, ile pesa uliyookoa imeisha yote. Na hapo hatujahesabu gharama ya kununua nyingine, wala wateja waliohamia kioski cha jirani wakazoea huko.

Sasa chukua mfano mwingine. Una karakana, na VFD ni ya feni ya kutoa vumbi la mbao. Feni ikisimama, unafungua milango na madirisha, unavaa barakoa na kumaliza kazi ya wiki kwa shida kidogo. Hasara ya siku ni ndogo, pengine shilingi 500. Gawanya 32,000 kwa 500: siku 64. Hapo VFD iliyotumika inaanza kuwa na maana.

Unaona basi, jibu la "mpya ama iliyotumika" halitoki kwenye VFD yenyewe pekee. Linatoka kwenye kazi unayoipa. Piga hesabu kwa pesa zako mwenyewe, usitumie za kwetu. Kama hujui faida yako ya siku, fungua taarifa ya malipo kwenye simu, jumlisha mapato ya mwezi mmoja, toa gharama, kisha gawanya kwa siku ulizofanya kazi.

Nini huzeeka ndani ya VFD?

Ukiiangalia kwa nje, VFD ya miaka kumi inaweza kung'aa kama mpya, hasa ikipanguswa vizuri. Ndani ndimo kuna hadithi.

Kapasita. Hizi zina maji maji maalum ambayo hukauka polepole. Joto ndilo adui yake mkubwa: kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likiongezeka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. VFD iliyofanya kazi miaka mitano kwenye chumba chenye joto kali ni mzee kuliko ile iliyofanya kazi miaka hiyo hiyo mahali penye baridi. Hata iliyokaa stoo bila kutumika si salama moja kwa moja. Ikikaa mwaka ama zaidi bila umeme, kapasita zake huenda zikahitaji kuamshwa taratibu kwa volti ndogo inayoongezwa kidogo kidogo. Ukiichomeka ghafla kwa volti 415, inaweza kulipuka siku ya kwanza.

Feni. Hii ina mabeyaringi, nayo huchoka. Habari njema ni kwamba feni si ghali na hubadilishwa kwa urahisi, mradi inapatikana.

Vumbi na wadudu. VFD iliyotoka kwenye kinu cha unga ama kiwanda cha simiti hubeba vumbi ndani ya mapezi ya kupozea. Siafu na mijusi nao hupenda joto lake. Mjusi mmoja akigusa mahali pabaya, VFD imekwisha, na yeye pia.

Modeli iliyoachwa. Hili halionekani kwa macho. Kama kampuni iliacha kutengeneza modeli hiyo, kijitabu chake, skrini yake na spea zake zitakuwa shida. Andika nambari ya modeli, iangalie kwenye intaneti ama uulize muuzaji aliyeidhinishwa kabla ya kulipa.

Wakati iliyotumika inafaa, na wakati haifai

Iliyotumika inafaa ikiwa hasara ya kusimama ni ndogo, modeli bado inatengenezwa, umeiona ikifanya kazi na mzigo, na una fundi anayeijua. Inafaa pia kama ya akiba: unafunga mpya, kisha unanunua iliyotumika ya aina ile ile na kuiweka kando. Ukifanya hivyo, iwashe walau mara moja kwa mwaka ili kapasita zisilale.

Chukua mpya ikiwa mota hiyo ndiyo inakulisha, ikiwa inahudumia watu ambao hawawezi kungoja, kama maji ya shule ama zahanati, ama ikiwa uko mbali na mafundi. Chukua mpya pia kama bei ya iliyotumika inakaribia sana ya mpya. Tofauti ikiwa elfu tano, hakuna haja ya kubahatisha.

Lakini hata "mpya" ina maswali yake. Linganisha nambari ya siri iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye kifaa chenyewe, zinafaa kufanana. Angalia kama skrubu za kuunganishia waya zina alama za bisibisi, kwa sababu kifaa kipya hakina. Ulizia waranti ni ya muda gani, inashughulikia nini, na ikiharibika unaipeleka wapi. Waranti nyingi hazilipi VFD iliyochomwa na radi ama iliyounganishwa vibaya, kwa hivyo weka kinga ya umeme wa ghafla hata kama umenunua mpya.

Namba za kulinganisha kwenye vibao viwili

Mota ina kibao na VFD ina kibao. Vipige picha vyote viwili. Ukifika dukani, angalia mambo haya:

1. Ampea. Usinunue kwa kilowati peke yake. Ampea za kutoa za VFD zisiwe chini ya ampea za mota yako. Kwa kinu, mashine ya kupasua mbao ama mashine yoyote inayobeba mzigo mzito tangu inapoanza, tumia ampea za kazi nzito. VFD moja inaweza kuwa na namba mbili, ya kazi nyepesi na ya kazi nzito, na muuzaji atakuonyesha ile kubwa.

2. Volti za kuingia. VFD iliyotoka Marekani yenye maandishi ya volti 380 hadi 480 na hezi 50/60 inaweza kufanya kazi hapa. Ile ya volti 575 ama 600, ambazo hutumika sana Kanada, haifai kwa umeme wetu wa 415.

3. Fezi. Ukitumia fezi moja kuendesha mota ya fezi tatu, VFD nyingi za aina hii hutoa volti 230 tu. Mota yenye kibao cha 230/400 inaweza kufungwa kwa delta na ikafanya kazi. Yenye kibao cha 400/690 haitafanya kazi ipasavyo. Na VFD iliyoundwa kupokea fezi tatu, ukiilisha fezi moja, usitegemee zaidi ya nusu ya uwezo wake.

4. Umbali. Kama waya kutoka kwa VFD hadi mota ni mrefu, kama kwenye kisima, mota hupata mipigo ya volti inayoumiza waya zake. Uliza kama utahitaji kichujio, na bei yake uiweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kuipima kabla ya kulipa

Nenda na fundi wako, mwenye leseni ya EPRA, usitumie fundi wa muuzaji. Hata ukimlipa nauli na chakula cha mchana, bado umepata nafuu.

Kabla ya umeme kuwashwa, fundi apime kwa mita, upande wa kuingia na upande wa kutoa, akiweka mita kwenye alama ya dayodi. Masomo ya fezi zote tatu yanafaa kukaribiana. Moja ikisoma sifuri, sehemu ya nguvu imekufa. Anuse pia, kwa sababu harufu ya kuungua haijifichi, na aangalie kama kapasita zimevimba.

Kisha iwashwe na iendeshe mota yenye mzigo. Mota inayozunguka bure haikuambii kitu. Ikae nusu saa hivi. Fundi apime ampea za waya zote tatu zinazoenda kwenye mota: zinafaa kulingana. Asikilize feni. Afungue orodha ya hitilafu zilizopita, maana VFD nyingi hukumbuka zilivyozima mara za mwisho na sababu zake. Ukiona joto kupita kiasi ama mkondo kupita kiasi umejirudia, uliza maswali. Mwisho, hakikisha haijafungwa kwa nambari ya siri ambayo muuzaji hajui.

Onyo moja: usiguse ndani ya VFD mara tu baada ya kuizima. Kwenye umeme wa 415, kapasita hubeba karibu volti 587 za DC na huchukua dakika kadhaa kuisha. Soma kibao kinasema ungoje dakika ngapi. Volti hizo zinaua.

Muuzaji akisema hana umeme wa kuipimia, mwambie uko tayari kulipia ikapimwe kwingine. Akikataa, anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Shukuru na uondoke.

Sasa tufike kwa malipo

Lipa kwa till ama paybill yenye jina la biashara. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama duka lina jina moja na simu inaonyesha jina la mtu usiyemjua, simama uulize. "Till yetu ina shida leo, tuma kwa hii namba" ni sababu nzuri ya kungoja kesho.

Usitume "pesa ya kushikilia mzigo" kwa mtu uliyemwona mtandaoni tu. Picha ya VFD si VFD. Ukituma kwa namba ya mtu na yeye akaitoa pesa kwa wakala, kurudisha muamala ni vigumu sana, hata ukitupigia simu haraka. Kama ni lazima uweke amana, iwe kidogo, kwa duka ulilofika, na iandikwe kwamba inarudishwa kifaa kikishindwa majaribio.

Omba kugawa malipo. Kwa kifaa kilichotumika unaweza kuomba ulipe sehemu unapokichukua na sehemu baada ya siku saba za kazi. Wengine watakataa, wengine watakubali. Anayekiamini kifaa chake hana sababu kubwa ya kuogopa siku saba. Mkubaliane kwa maandishi, na mweke nambari ya siri ya kifaa ndani, ili kisije kikabadilishwa.

Hifadhi ushahidi. Usifute SMS ya malipo. Andika nambari ya muamala juu ya risiti, pamoja na nambari ya siri ya VFD. Kama biashara yako imesajiliwa na KRA, dai risiti ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti hiyo kwa kawaida haikubaliki unapohesabu kodi ya mapato. Muuzaji wa vilivyotumika asiyetoa risiti yoyote anaweza kukuachia bei ya chini, lakini hakuachii pa kulalamikia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Uwe makini na mkopo wa simu. Mikopo mingi ya simu hulipwa ndani ya siku 30, lakini VFD hujilipa kwa miezi mingi. Tuseme umekopa 30,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Hiyo ni 2,400. Ukishindwa na ukarudia kwa miezi mitatu, umelipa 7,200 na deni la 30,000 bado liko pale pale. Kama pesa ya mpya haitoshi, ni afadhali kuweka akiba kila siku kutoka kwa mauzo, ama kuuliza chama chako kama kinaweza kukukopesha kwa muda mrefu zaidi.

Na kama unauza VFD yako ya zamani, angalia salio lako mwenyewe kabla ya kuiachilia. SMS iliyo kwenye simu ya mnunuzi, ama picha ya SMS, si malipo.

Kwa ufupi

Jiulize kama unaihitaji. Gawanya tofauti ya bei kwa faida ya siku. Siku zikiwa chache, nunua mpya. Zikiwa nyingi na kifaa kimepita majaribio kikiwa na mzigo, iliyotumika ni sawa. Linganisha vibao, nenda na fundi wako, soma jina kabla ya PIN, na uweke ushahidi wote mahali pamoja.

Fanya hesabu hiyo leo, kabla hujaenda dukani, na uiandike kwenye karatasi. Muuzaji akianza kukuharakisha kwamba kuna mtu mwingine anaitaka, itoe hiyo karatasi mfukoni uisome tena.